Vidole Viwili Chini ya Usukani

...sitini na mbili, kama na ile ya mwisho inahesabiwa, na kwa nini isihesabiwe, ndege ilikuwa juu ikaja chini, kutua ni kutua, ingawa... hapana, daftari linasema sitini na moja, na aliyeandika ni yeye mwenyewe, mwalimu, kwa mkono wake, somo baada ya somo, kalamu ya bluu, mwandiko ambao haujawahi kulalamikiwa na mtu, na pembeni ya kila mstari neno lake lilelile, vizuri, vizuri, vizuri sana, sasa huyu mchunguzi wa ajali anataka nini zaidi, daftari la mwanafunzi liko wazi mbele yake katikati ya vikombe viwili vya chai, na bado ameinua kalamu juu ya fomu, juu ya kisanduku kitupu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, anasubiri. "Nakusomea tena, mwalimu," alisema mchunguzi, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomchoma mwalimu, angekuwa mkali wangegombana na yangekwisha, lakini huyu alikuwa mtu mzima mpole, miwani imefungwa uzi shingoni, anakunywa chai ya ofisi ya watu bila kuuliza kwa nini imepoa, "idadi ya mara ambazo mwanafunzi alitua mwenyewe bila msaada wa mwalimu, pamoja na siku ya ajali. Humu nahesabu sitini na moja, na ile ya mwisho hukuiandika." "Sikuiandika," alisema mwalimu. "Basi niweke sitini na mbili?" Na hapo ndipo alipotakiwa kusema ndiyo, neno dogo ambalo watu hulisema hata usingizini, lakini akajikuta anaangalia ukutani, kwenye ubao wa funguo, ndoano sita na funguo tano, ile ya sita iko ndani ya mfuko wa plastiki kwenye mkoba wa mchunguzi, na chini ya ubao ile picha ya kuchora ambayo wanafunzi wa mwaka juzi walimpa kwa mzaha, ndege ndogo inatua juu ya godoro, na chini yake wameandika PAMBA kwa herufi kubwa, maana ndivyo walivyomwita uwanja mzima, tangu walinzi wa geti hadi waongozaji ndege kule mnarani, Pamba, kwa sababu ndege yake ikigusa ardhi husikii kitu, na si ndege yake tu, hata za wanafunzi wake, wanafunzi wa walimu wengine walidunda kama mipira, lakini wa kwake, "huyo wa Pamba huyo, umesikia kitu?", "mimi sijasikia kitu", na yeye kiti cha kulia, uso mkavu kama hayamhusu, kumbe moyoni amejaa furaha mpaka inamwagika, tuseme ukweli, alipenda kuisikia ile sijasikia kitu kuliko alivyopenda chai yake ya asubuhi.

Mchunguzi alipekua karatasi. "Kuna hili jambo dogo," alisema, "kwenye maelezo ya binti mwenyewe, huyu mwanafunzi wako, niliyachukua jana hospitali, nakusomea alivyosema..." na mwalimu hakutaka kusomewa, kwa sababu yeye pia alikwenda jana hospitali, saa kumi, wakati wa kutazama wagonjwa, akakuta binti amelazwa chali, shingo imefungwa kola ngumu, pingili mbili za uti wa mgongo zimevunjika, hawezi kugeuza kichwa, anaangalia dari, na bado alipozijua hatua zake alisema, "Shikamoo mwalimu," huku anaongea na dari, na yeye akaitikia marahaba, marahaba mwanangu, akashindwa pa kuweka mikono. "Mwalimu, nimekuvunjia ndege." Ndivyo alivyosema, umri miaka ishirini na mmoja, miguu yake iko chini ya shuka na daktari anasema tusubiri kwanza uvimbe upungue ndipo tujue kama atasimama, na yeye anaililia ndege. Mama yake alikuwa upande wa pili wa kitanda, mshonaji, amekuja moja kwa moja kutoka kwenye cherehani, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni na hakuna aliyemwambia, akasimama, akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, "Tusamehe, mwalimu. Huyu mwanangu tangu mdogo ana haraka, ukimtuma dukani harudi na chenji wala ulichomtuma, nilimwambia, msikilize mwalimu, msikilize mwalimu. Wewe umejitahidi, kila mtu anasema umejitahidi." Na yeye alisema nini? Alisema, "Yasikupe taabu, mama." Yasikupe taabu! Aliupokea ule msamaha ulioombwa, akaupokea kama mtu anavyopokea glasi ya maji, kisha akauliza habari za chakula cha hospitali. Aibu ilimpanda sasa hivi, hapa kwenye kiti, ikamchoma masikio, jana haikumpanda, jana alirudi nyumbani akala. "...anasema hivi," mchunguzi aliendelea, miwani puani, kidole juu ya mstari, "'nilikuja vizuri, mwendo ulikuwa sawa, nikafika juu ya njia ya kurukia, nikasubiri ndege iinue pua kama kawaida yake, haikuinua.' Sasa hapo sikumwelewa. Ndege gani inainua pua yenyewe?" Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemsaidia mwenzake kufungua mlango. "Nikasema labda ni zile sindano za maumivu. Mgonjwa wa namna hii husema mengi. Au wewe unaonaje, mwalimu?"

Labda ni sindano. Mlango wenyewe huo, umeshafunguliwa, kilichobaki ni kuinua mguu na kupita, ndiyo bwana, ni sindano, maskini binti, alichanganyikiwa kidogo, weka sitini na mbili, na jioni mwalimu angerudi zake nyumbani na leseni yake mfukoni na miaka yake thelathini nyuma yake... na kwa kweli alikuwa akimsaidia mara chache tu, mara chache, kila mwalimu husaidia, mwanzoni, masomo matano ya kwanza, sita, huwezi kumwachia mtu ambaye juzi alikuwa hajui kufunga mkanda, unaweka vidole viwili chini ya usukani wa upande wako, cha shahada na cha kati, mkono umelala pajani, yeye upande wa kushoto macho yako mbele haoni, na ndege ikishafika juu ya njia, urefu wa mtu na nusu kutoka ardhini, pale ambapo mwanafunzi anapaswa kuvuta polepole ili pua iinuke na magurudumu ya nyuma yaguse kwanza, unavuta kidogo kwa vile vidole, kidogo tu, uzito wa kikombe, kwa sababu usukani wa kushoto na wa kulia umeungwa pamoja, ukivuta huu na ule unakwenda. Masomo sita ya kwanza. Au kumi. Lakini fundi je? Fundi wa karakana, ambaye hana dogo, siku ile anasafisha ndani ya ndege kwa kitambaa chenye petroli, akatoa kichwa nje, "Mzee Pamba, hebu njoo. Mbona usukani wa mwanafunzi rangi yote ipo, wa kwako hapa chini umelika mpaka chuma? Nani anaendesha humu?" na yeye akajibu, "Jasho langu lina chumvi kuliko lao," wakacheka wote wawili, fundi akacheka mpaka akaweka kitambaa chini, na ilikuwa lini hiyo, kabla ya mvua kubwa, binti alikuwa na masomo kumi na nane, na chuma hakiliki kwa masomo sita, chuma hakiliki kwa mwaka mmoja. Alianza lini? Aliitafuta siku yenyewe akaikosa. Palikuwa na yule kijana mrefu aliyeigonga chini mpaka fundi akalala chini ya gurudumu siku tatu, na mkuu wa shule akaja kusimama mlangoni, hapo ulipo mkoba wa mchunguzi, akasema, "Pamba na wewe?", maneno matatu tu, yakamkaa kooni kama mfupa, na kesho yake akaweka vidole, kwa kesho ile tu. Na baadaye yule mwingine, ambaye sasa anabeba abiria, alimpigia simu akicheka, "Mwalimu, huku walinifundisha kutua upya, siku za kwanza nadunda mpaka naona aibu, sijui ndege zenu za huko zina nini," na wakacheka tena, Mungu wangu, wamecheka sana katika jambo hili, kila mtu aliyekaribia kumwambia ukweli alimwambia kwa kicheko na yeye akakirudisha kicheko kama mtu anayerudisha mpira. Mchunguzi alikunywa chai. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika saba, au nane. "Chukua muda wako," mchunguzi alisema, "haya mambo si mepesi kwa mwalimu. Fundi wenu naye nimeshaongea naye. Anasema mwanafunzi alichelewa kuvuta. Basi, hana zaidi." Hana zaidi, fundi, mwenye mdomo usiofungwa na gundi, hana zaidi... maana fundi alikuwa pale, majanini, bega kwa bega na yeye, amejaza ndoo ya maji pomoni, wanafunzi wote humwagiwa maji siku wanaporuka peke yao mara ya kwanza, binti alijua atamwagiwa, alikuja na nguo za kubadilisha ndani ya mfuko, na asubuhi ilikuwa tulivu, ile soksi ya kuonyesha upepo imening'inia haina habari, walizunguka pamoja mara tatu, mara tatu ndege ikakaa chini haisikiki, akamwambia simama hapa, akafungua mlango wake, akashuka. "Zunguka mara moja, utue, urudi kunichukua." "Peke yangu, mwalimu?" "Kwani ulitaka kumbeba shangazi yako?" Binti akacheka, mwalimu akafunga mlango, akagonga bawa mara mbili kama anavyogonga siku zote, na akatembea kwenda majanini, mwepesi, mwenye fahari, na wala hakukumbuka, hilo ndilo asiloweza kumweleza mtu yeyote, si mchunguzi, si mkewe, hakukumbuka kwamba anashuka na vidole vyake. Havikuwa jambo tena. Vilikuwa kama kupepesa macho. Binti aliruka safi, akapinda safi, sauti yake redioni imenyooka, mnarani mtu akamwambia hongera mapema, akaja, akaja vizuri, mstari katikati kabisa, na fundi akasema, "Huyo wa Pamba huyo," akainama kushika mpini wa ndoo, na ndege ikafika pale juu ya njia, urefu wa mtu na nusu, na ikabaki vilevile. Pua haikuinuka. Ilibaki inaangalia chini kama mtu anayetafuta shilingi, sekunde moja, ya pili, binti alikuwa anasubiri, sasa mwalimu anajua alikuwa anasubiri, mikono yake miepesi kwenye usukani kama alivyomfundisha, usikabe, usikabe, ndege inajua, na gurudumu la pua likapiga lami kwanza, ndege ikaruka juu, ikashuka tena na pua, mguu wa gurudumu ukakatika, panga la injini likalima lami, mkia ukapita juu ya kichwa, ikalala chali, magurudumu juu, ndani ya mtaro wa maji ya mvua, na kimya kile... fundi alikuwa anakimbia na ndoo, alidhani moto, maji yanamwagika miguuni, lakini kabla hajakimbia, kabla ya lile pigo la pili, fundi aligeuka kumwangalia mwalimu, na hakumwangalia usoni. Alimwangalia mkono. Mkono wa kulia, ulioning'inia pembeni ya paja, na vidole viwili vimekunjwa, vinavuta, vinavuta hewa.

Basi fundi anajua. Fundi anajua tangu siku ile na ndiyo maana tangu siku ile hajamtania, anampa shikamoo na kupita, na amemwambia mchunguzi hana zaidi, ameamua kumbeba, na mwalimu hakumwomba ambebe, wala hakumkataza. Watu wangapi wanambeba sasa, aliwahesabu bila kutaka, fundi kwa kunyamaza kwake, mama kwa msamaha wake, mchunguzi kwa sindano zake za maumivu, wote hawa wamemsimamisha juu, na aliyelala chini kabisa, chini ya wote, ni binti mwenye pingili mbili zilizovunjika anayeongea na dari. Na itakuwaje fomu ikishaandikwa, sitini na mbili, itasomeka vizuri kabisa, mwanafunzi alitua mwenyewe mara sitini na moja bila kosa na ya sitini na mbili akazembea, itapigwa mhuri, atapewa nakala yake, na atalala pale, au ataketi kwenye kiti cha magurudumu, au Mungu akijalia atasimama, lakini vyovyote vile atakuwa anatafuta, usiku na mchana, nilifanya nini siku ile ambacho sikufanya siku nyingine, nilisahau nini, na hatakiona, hata awe bibi mwenye wajukuu hatakiona, kwa sababu hakipo, hakusahau kitu, alifanya vilevile kama alivyofanya mara sitini na moja, hajakosea hata robo, mtoto wa watu... na aliwahi kuuliza! Hapo mwalimu alishika ukingo wa meza. Aliwahi kuuliza. Wiki moja kabla, wamezima injini, bado wamekaa, joto, anaandika daftari, vizuri sana, na binti akiwa anafungua mkanda akasema, taratibu, kama mtu anayeona haya, "Mwalimu, nikuulize? Tunapotua, ni mimi kweli? Maana kuna wakati nahisi kama ndege inajua yenyewe." Na akamgeukia. Akamwangalia. Hakucheka, yeye peke yake kati ya wote hakuliuliza kwa kicheko, aliuliza kwa sababu alitaka kujua, mikono yake ilikuwa imeshamwambia na alitaka mwalimu wake aseme. Na kalamu ilikuwa mkononi, ile ya bluu, na angeweza kusema, kesho nitaweka mikono yangu kichwani, uishushe mwenyewe, itadunda, itadunda vibaya na uwanja mzima utasikia, na ndivyo mtu anavyojifunza. Siku moja ya kudunda. Siku mbili. Wangemtania wiki nzima, Pamba amezeeka, na yeye hakuweza kuvumilia wiki moja ya kutaniwa. Alisema, "Ndege nzuri ndivyo zilivyo," akafunga daftari, na binti akasema, "Haya, mwalimu," akamwamini.

"Mwalimu?" Mchunguzi alikuwa ameinama mbele kidogo, kalamu palepale, kisanduku kitupu, chai na utando wake juu. "Kama unahisi vibaya tunaweza kuahirisha. Mimi nilitaka namba tu." Namba tu, na mwalimu alianza kuhesabu, kwa mara ya kwanza bila daftari, alihesabu kwa vidole vyenyewe, somo la kwanza vilikuwepo, la kumi vilikuwepo, siku ya upepo wa ubavuni vilikuwepo, siku binti alipoimba kwa furaha baada ya kugusa chini, akisema umeona mwalimu, umeona nilivyoiweka, vilikuwepo, asubuhi ile ya mizunguko mitatu vilikuwepo, vilikuwepo, vilikuwepo, na sitini na moja yote ikaondoka mstari mmoja mmoja mpaka ukurasa ukabaki mweupe, na akadhani hesabu imeishia hapo, kwenye sifuri, akawa tayari kusema sifuri, na machozi yakamjia, hakuyafuta, lakini haikuwa sifuri, maana kuna siku moja alishuka, akafunga mlango, akaenda kusimama majanini, na binti alikuwa peke yake na ndege, mikono yake na si ya mtu mwingine, na ikaja chini. Ile ilikuwa ya kwake. Katika maisha yake yote yule mtoto ametua mara moja tu, na mwalimu wake alimwacha aijue ndege siku hiyohiyo, na hiyohiyo ndiyo hakumwandikia. "Niandike ngapi?" aliuliza mchunguzi, kwa upole uleule, na mwalimu alifungua mdomo, na neno lililokuwa ulimini halikuwa ndiyo, wala sitini na mbili, lilikuwa moja.